08:00 Ni Saa Mbili

Nyie vijana mnaoanza kazi ya kuandika programu mmekuta mengi yamekwisha pikwa, na mimi sioni wivu. Kijana akija hapa kwangu Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, na kompyuta yake mgongoni, akataka mfumo wake ujue leo ni tarehe ngapi na Jumatano ijayo ni lini, anaandika mstari mmoja na jibu linakuja. Nafurahi kuuona mstari ule. Ila najua nyuma yake kuna watu, na mmoja wao nilifanya naye kazi miaka mingi. Huyo ndiye ninayetaka mmjue, maana nikinyamaza mtadhani tarehe na saa zilijipanga zenyewe ndani ya mashine.

Naitwa Lameck Sichone, Mnamwanga wa hapa hapa mpakani. Nilianza kama karani kwa wakala wa forodha, mmoja wa wale wanaofuatilia mizigo ya malori hadi geti linapofunguka. Kompyuta zilipoletwa ofisini wenzangu walizikwepa, mimi nikazipenda. Nikajifunza kuzitumia, kisha kuzitengenezea programu, mwishowe nikaacha malori kabisa. Mama mkwe wangu alipoulizwa mkwewe anafanya kazi gani siku hizi, alijibu kwamba naandika kodi. Ndivyo alivyonisikia nikiyaita maandishi ya programu, *code*. Hapa Tunduma neno hilo halina marafiki. Kwa muda mrefu majirani wenye maduka walinisalimia kwa adabu iliyopita kiasi, na mmoja alianza kunifungia sukari bila mimi kuagiza.

Aliyenifundisha kazi hasa ni mwanamke niliyemzidi umri kwa mbali, Atupele Kibona, Mndali wa milima ya Ileje. Alisoma hisabati chuo kikuu, akafanya kazi mjini kwa watu wakubwa, kisha akarudi nyumbani na kufungua ofisi ndogo ghorofani, juu ya duka la vipuri vya malori. Tulimwita Dada Atu, hata mimi niliyekuwa na umri wa mjomba wake. Yeye aliniita kaka Lameck, akanikabidhi kiti kilichokuwa karibu na dirisha, na siku ile ile akanipa swali la kwanza.

Aliniuliza ni saa ngapi. Nikatazama simu, nikamjibu. Akauliza, kwa nani?

Nilidhani ananitania. Lakini ninyi mnaoishi hapa mnajua. Ukivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, unarudi nyuma saa nzima. Unaweza kunywa chai Tunduma saa tatu, ukavuka kwa miguu, ukawakuta ndugu zako wa damu wa upande wa pili ndiyo kwanza wanaandaa chai ya saa mbili. Siku nyingine huna haja hata ya kuvuka. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma yenyewe ukiwa umekaa sebuleni, na kama ulitegemea ikuamshe, umekwisha.

Dada Atu alinieleza hivi. Mashine itunze wakati mmoja tu, ule wa dunia nzima, usiobadilika ukivuka mpaka. Saa ya Tunduma na saa ya Nakonde ni nguo unazouvisha wakati huo, kama mtu anayetoka nje. Nguo zivaliwe mlangoni, pale mtu anaposoma. Ndani ya mashine asiingie mtu amevaa nguo. Nimesoma vitabu vinene juu ya jambo hili baadaye, na sijaona kilichoongeza kitu kikubwa juu ya hapo.

Lakini alikuwa mwepesi kuniambia pia mahali ambapo kanuni hiyo haifai. Zahanati moja ilituletea mfumo wa kliniki ya watoto uliokuwa unaharibu tarehe za kuzaliwa. Mtoto kazaliwa tarehe mosi, mama anajua, nesi anajua, lakini ukifungua mfumo unasema kazaliwa siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. Aliyeutengeneza aliipa kila tarehe ya kuzaliwa saa yake, saa sita usiku kamili ya Tanzania, kisha akaisoma kwa kompyuta iliyowekwa saa za Zambia. Huko ilikuwa bado saa tano usiku, siku ya jana. Dada Atu alicheka hadi akavua miwani. Akaniambia siku ya kuzaliwa ni tarehe tupu, haina saa, na mtu habadili siku ya kuzaliwa kwa kuvuka barabara. Tarehe ni kitu kimoja na wakati ni kitu kingine, vipe majina tofauti ndani ya programu na usivichanganye kamwe.

Halafu akaenda mbali kuliko nilivyotegemea. Mfumo ule ule ulikuwa na wazee wa bonde la Momba ambao, ukiamini kompyuta, karibu wote walizaliwa mwaka mpya. Wazee hawakujua siku wala mwezi, walijua mwaka tu, na mashine ikawajazia tarehe mosi Januari. Kila Januari mosi ilikuwa inawatakia heri. Mtu mwingine angeacha. Yeye alitengeneza aina ya tarehe inayokubali kwamba haijui: mwaka upo, mwezi haupo, siku haipo, na ukiiuliza siku inakwambia sijui badala ya kukudanganya. Nilikaa nikiitazama kazi ile kama mtu anavyotazama ukuta uliojengwa na fundi anayejua matofali.

Sasa niwaambie habari ya kambi ya macho, maana ndipo nilipomwelewa.

Kulikuwa na hospitali moja huku mkoani, upande wa kuelekea Mlowo, iliyopokea timu ya madaktari wa macho kwa siku chache. Walikuja kuondoa mtoto wa jicho, ule ukungu unaowafanya wazee waone mwanga tu bila sura. Aliyewaongoza alikuwa bingwa kutoka Zambia, Daktari Mulenga, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Wagonjwa walitoka Itaka, Ileje, bondeni Momba, na wengine ng'ambo ya mpaka. Kila mmoja alitumiwa ujumbe kwenye simu, wake au ya ndugu, kumjulisha siku yake na saa yake. Mfumo wa kutuma ujumbe hospitali ilikuwa imeununua mbali, na sisi tuliitwa siku ya kwanza kuutazama tu, usije ukazimika.

Haukuzima. Ulituma kila kitu ulivyoagizwa. Lakini asubuhi mabenchi yalikuwa karibu matupu. Daktari amevaa nguo zake za kazi, vifaa vimechemshwa, na nje wamekaa watu wachache wamejikunyata kwa baridi. Muuguzi msimamizi, Sista Rehema, alitoka na kuingia, akatazama barabarani, akaingia tena. Wale wachache walikuwa wa zamu ya mchana. Ujumbe wao uliandikwa 13:00, na mzee mmoja mfugaji kutoka Momba, Mzee Masanja, alituuliza kwa upole kabisa saa kumi na tatu ni ya nchi gani. Kwa kuwa hakuijua, aliamua kuja alfajiri ili isimpite popote ilipo. Sista aliwaingiza hao kwanza. Wakaisha mapema, na daktari akakaa.

Ilipofika mchana, watu wakaanza kumiminika. Bajaji, pikipiki, gari la mizigo lililobeba wazee kama kumi na ndugu zao. Wote walikuwa wa zamu ya asubuhi, na wote walikuwa na furaha ya watu waliowahi.

Kati yao alikuwa mama mmoja wa Itaka, Mama Tabia, ameshikwa mkono na Neema, mke wa mwanawe. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Sista Rehema alimweleza kwamba jina lake limeitwa tangu asubuhi, na kwamba waliochelewa ni wengi kuliko nafasi zilizobaki leo. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya upasuaji, na kesho nayo ina watu wake. Hakusema kwa ukali, alikuwa amechoka. Neema alitoa simu akaonyesha. Ujumbe ulisema 08:00.

Mama Tabia hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, nimekuwa mpishi wa shule maisha yangu yote. Sijawahi kuchelewesha uji. Mmesema saa nane, na saa nane nimekuja."

Na alikuwa na haki. Sisi tuliozoea kompyuta tukiona 08:00 tunasoma saa mbili asubuhi bila kujua kwamba tumetafsiri. Mtu asiyezoea anasoma kilichoandikwa. Sifuri nane, saa nane. Saa nane kwa Mswahili yeyote, na kwa Mnyiha na Mndali anayesema Kiswahili, ni mchana, jua likiwa limeanza kuinama. Mashine haikukosea, na Mama Tabia hakukosea. Walikuwa wanaongea lugha mbili kwa maneno yale yale.

Nilimtazama Dada Atu nione atasema nini. Wengi katika kazi yetu, mteja akilalamika, neno la kwanza ni kwamba mfumo uko sawa. Yeye alikaa chini, sakafuni, mbele ya benchi la Mama Tabia, akamuuliza saa nane kwake ni wakati gani. Mama akajibu ni wakati watoto wamemaliza kula na sufuria zimelowekwa. Akahamia kwa aliyefuata, na mwingine, benchi hadi benchi, akiuliza swali hilo hilo, nami nikimfuata. Karibu na mlango tukawakuta watu wa ng'ambo. Hao walikuwa wameielewa 08:00 vizuri, maana kwao ndivyo wanavyohesabu, lakini walikuwa wameitafsiri kwa saa za Zambia, hivyo wakafika wamechelewa saa nzima, wakaambiwa majina yao yameshapita, wakae wangoje kuitwa, na hakuna aliyewakumbuka hadi muda ule. Mmoja wao, fundi cherehani wa Nakonde, alituambia kwa Kiingereza kwamba alifika *eight hours* kamili, ndivyo Wazambia wanavyoitaja saa mbili asubuhi, na alikuwa anasema kweli.

Dada Atu akaenda kwa Daktari Mulenga. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alimweleza kilichotokea kwa ufupi, akamwomba aongeze watu wachache leo kadiri macho na mikono yake inavyoruhusu, na akamwahidi kwamba kesho asubuhi mabenchi yatakuwa yamejaa kabla hajanawa mikono. Daktari alitazama saa yake ya mkononi, ambayo alikuwa hajaisogeza tangu avuke mpaka. Akasema kwa heshima ya Kibemba, "Kwetu bado mapema, mukwai. Leteni."

Waliingizwa waliotoka mbali kuliko wote. Mama Tabia hakuwa miongoni mwao. Sista alimwandika wa kwanza kesho, yeye na wenzake waliobaki, na wakaelekezwa walale kwenye wodi iliyokuwa wazi. Lakini wale wa kesho, wa milimani na wa bondeni, walikuwa na ujumbe ule ule wenye 08:00 na 13:00 kwenye simu zao. Gari la kwenda kuwachukua watu wa Momba lilikuwa liondoke jioni, na wengine wangetoka makwao wakati wowote. Kama ujumbe mpya usingewafikia kabla hawajapanga safari, asubuhi ingepotea tena, na safari hii hakukuwa na kesho nyingine. Kuna watu wangerudi nyumbani na ukungu wao, kusubiri madaktari wengine ambao hakuna aliyejua watakuja lini.

Mfamasia alitupisha kwenye meza yake kwenye korido. Mimi nilitoa wazo la haraka: tutoe sita, tuandike saa mbili asubuhi, tutume. Hesabu ndogo, kazi imekwisha. Dada Atu alikuwa amekwisha fungua kompyuta. Akaniuliza, bila kuacha kuandika, saa kumi na moja ni asubuhi au alfajiri? Nikasema alfajiri. Akauliza saa moja ya kuingia giza, ni jioni au usiku? Nikasita. Akaniambia wewe umezaliwa hapa na umesita, mashine itajuaje?

Basi akarudi kwa watu wa mabenchi. Vijana, hili nataka mlishike, maana sijaona likifundishwa mahali. Yule mwanamke mwenye hisabati ya chuo kikuu alikaa na kompyuta mapajani, akawauliza wagonjwa siku inagawanyika wapi. Ulizuka ubishi mtamu ajabu kwa watu waliokuwa na huzuni dakika chache zilizopita. Mzee Masanja, jicho moja limefungwa bandeji mpya, alishikilia kwamba saa kumi ng'ombe wameshaanza kuhangaika, kwa hiyo ni alfajiri. Mama mmoja wa Ileje alisema kwao milimani saa hiyo bado ni usiku mnene. Mama Tabia akaamua kesi. "Kwa anayeamka ni alfajiri," alisema. "Kwa aliyelala ni usiku. Nyie mnawaandikia wanaoamka." Dada Atu akaandika alfajiri. Kwa saa moja ya giza walikubaliana ni usiku, isipokuwa fundi cherehani, ambaye alisema yeye haingilii mambo ya nchi jirani.

Kuhusu watu wa ng'ambo nilitaka tuangalie namba ya simu: namba ya Zambia ipelekewe saa za Zambia, namba ya Tanzania saa za Tanzania. Akanionyesha yule fundi. Alikuwa na laini zetu mfukoni, kama nusu ya Nakonde. Namba ya mtu haikwambii amesimama wapi. Akaamua ujumbe utaje zote mbili wazi, na hapo ndipo alipotumia maktaba iliyokuwamo kwenye lugha yetu ya programu. Kwa asiyejua, maktaba ni vipande vya programu vilivyokwisha andikwa na wengine, unavichota badala ya kuanza upya. Ile ilijua saa za kila nchi kwa jina la mji, Dar es Salaam huku na Lusaka kule. Wengine huandika tu kwamba ongeza tatu, ongeza mbili. Yeye aliita mji kwa jina, kwa sababu serikali zinaweza kubadili saa zake, na walioitunza maktaba watajua kabla yako.

Maktaba ilijua saa za dunia nzima. Kitu ambacho haikujua ni kwamba hapa kwetu mtu akiona 08:00 anatakiwa asikie saa mbili asubuhi. Hicho akakiandika yeye, pale koridoni, huku wauguzi wakipita na matroli.

Alifuta pia neno "kesho" nililokuwa nimelipendekeza. Akasema ujumbe unaweza kuchelewa mnarani ukafika kesho yenyewe, na msomaji akasubiri kesho yake. Akaandika jina la siku na tarehe. Kwa gari la Momba, ambalo lingesafiri gizani, aliandika usiku wa kuamkia siku ile, kwa sababu Mzee Masanja alimwambia kwamba kwake usiku wa Jumatano ni ule unaotangulia Jumatano, wakati Mama Tabia kwake ni ule unaoifuata. Mngemwona alivyoshukuru kwa taarifa ile, kama aliyepewa zawadi.

Kabla ya kutuma alimpa Neema asome kwa sauti. Ujumbe ulisema jina la siku na tarehe, kisha saa mbili asubuhi kwa saa za Tanzania, kisha Zambia *07 hours*. Nilitegemea awaulize kama wameelewa. Hakuuliza hivyo. Aliuliza kila mmoja, "Ukipata huu, utatoka nyumbani lini?" Mtu anaweza kukubali kwa kichwa kwamba ameelewa ili asikuudhi. Lakini akikwambia nitatoka jogoo la kwanza nipate gari la maziwa, umejua kama mmeelewana. Tangu siku ile mimi sijawahi kumuuliza mtumiaji kama ameelewa.

Jua likiwa bado juu ya vilima, tukatuma. Kisha Sista Rehema, mimi na mfamasia tukaanza kupiga simu kwa wale ambao ujumbe haukuwafikia. Mabalozi wa nyumba kumi, wachungaji, shehe mmoja bondeni, mwenye duka ambaye simu yake ndiyo simu ya kijiji. Kila mmoja aliahidi kupeleka neno, na kila mmoja tulimuuliza atawaambia watoke lini.

Asubuhi iliyofuata nilifika na Dada Atu wakati ukungu bado umelalia mashamba ya kahawa. Alitembea haraka mbele yangu, na nikajua ana wasiwasi. Tulipokata kona tukasikia sauti za watu kabla ya kuwaona. Mabenchi yalikuwa yamejaa, wengine wamekaa kwenye nyasi juu ya khanga. Watu wa Momba walikuwa wameteremka na jiko lao na walishapika. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekaa pamoja, wametulia, wamewahi. Daktari Mulenga alitoka mlangoni, akasimama kidogo akiwatazama, akarudi ndani kunawa. Walimalizwa wote. Ilibidi madaktari waletewe chakula mlemle ndani na hawakutoka hadi jioni, lakini walimalizwa wote.

Kazi ile ya koridoni haikubaki koridoni. Dada Atu aliichukua ofisini, akaisafisha kwa miezi, akaijaribu kwenye gulio la Mlowo kwa kuwasomea wauza maharage ujumbe na kuwauliza watafanya nini, kisha akaiweka wazi kwenye mtandao, achukue anayetaka. Nilimuuliza kwa nini asiiuze. Akasema maktaba aliyoitumia siku ile naye aliikuta bure, na walioiandika hawajui kama kuna mahali paitwapo Itaka. Binti mmoja wa Nakonde ameongeza Kibemba. Mtu wa pwani aliandika kulalamika juu ya mpaka wa alfajiri, wakabishana kwa adabu wiki nzima, na mwisho Dada Atu akaacha kila mahali pachague alfajiri yake. Sasa yeye anafundisha chuoni, na mimi nimestaafu, na mistari ile inaendelea kwenda na watu ambao hatutawajua. Mkiitumia, mjue ilitoka kwenye mabenchi ya hospitali.

Nimebakiza asubuhi ya mwisho ya kambi, ya kufungua bandeji. Hatukuwa na kazi pale tena, mfumo ulikuwa umetulia, lakini Dada Atu alisema tupite. Tulimkuta Mama Tabia amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mgongo umenyooka, Neema kasimama pembeni ameshika viatu vyake. Daktari Mulenga alifungua kitambaa taratibu, akamwambia asiharakishe.

Mama alifumba, akafumbua. Machozi yalimtoka, daktari akayapangusa, akasema ni kawaida. Alimtazama Neema muda mrefu, akamgusa shavu. Halafu akageuza uso polepole kuzunguka chumba, kama mtu anayehesabu mali yake: dirisha, pazia, sinia la dawa, mimi, Dada Atu.

Sista Rehema, ambaye alikuwa na kazi nyingine za kukimbilia, aliuliza hewani kama kuna anayejua ni saa ngapi. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa simu. Dada Atu alinishika mkono, akanizuia. Juu ya mlango palikuwa na saa ya ukutani ya mishale, na Mama Tabia alikuwa ameiona.

Aliitazama akiwa amekunja uso, kichwa kimeinama upande. Mshale mfupi ulikuwa umesimama kwenye tisa, ule mrefu juu kabisa kwenye kumi na mbili.

"Saa tatu," alisema. "Saa tatu kamili, asubuhi."